Daraja Lililokuwa na Pacha

Juzi, nikiwatembeza wageni wetu katika mitaa ya Parramatta, hapa Sydney, nilimwona kinyozi yule yule mara ya pili, nikamkumbuka mama.

Alikuwa akifanya kazi za ndani Venisi. Mchana mmoja aliwatembeza wanakwaya kutoka Tanga, mwavuli uliokunjwa ameuinua juu kama waongoza watalii. Vichochoro vilinuka kahawa na maji yaliyotuama.

“Mama, daraja hili tumeshalivuka,” nilisema.

“Lile lilikuwa pacha wake,” alijibu bila kugeuka. Wageni wakalipiga picha upya.

Nilikua nikiamini madaraja ya Venisi huzaliwa mapacha. Leo najua tulikuwa tumepotea, na treni ya wageni ilibakiza dakika chache kuondoka. Tuliiwahi.

Juzi pale Parramatta, binti yangu alinivuta mkono. “Mama, kinyozi huyu si tumeshampita?”

Nikauinua mwavuli wangu juu. “Yule alikuwa pacha wake.”