Nilisoma Alhamisi, karatasi ilisema Jumamosi: wivu wangu wa ofisi ya council

Wakuu, salamu kutoka huku ziwani. Nimekuwa nikisoma nyuzi zenu kimya kimya, leo nimeamua na mimi niweke yangu. Nina miaka themanini na kidogo na nachapa kwa vidole viwili, kwa hivyo mkiona makosa mnivumilie.

Hivyo vidole viwili ndivyo vilivyoleta haya yote.

Ninayoandika ni kweli tupu. Sina faida ya kudanganya, wengi wa waliokuwepo tumeshawazika. Majina nimebadilisha, na council yenyewe siitaji. Jueni tu ilikuwa ya mji mdogo njia ya kutoka Homa Bay kwenda Migori, miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mbichi.

Mimi nilikuwa karani. Msicheke. Siku hizo karani wa council alikuwa mtu. Ukipita na kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, hata wenye ng'ombe wengi walikuamkia kwanza.

Kazi yangu ilikuwa mikutano. Madiwani wakikaa, mimi naandika wanayosema. Baadaye nachapa minutes kwa Kiingereza, ndivyo serikali ilivyotaka. Mkutano unaofuata, kabla ya jambo lingine lolote, nasimama nazisoma kwa sauti.

Lakini Kiingereza wengi hawakukijua. Kulikuwa na Wajaluo, kulikuwa na Wakuria wachache. Kwa hivyo macho yangu yanasoma Kiingereza na mdomo unatoa Kiswahili, papo hapo. Wakisikia ni sawa, mmoja anapendekeza, mwingine anaunga mkono, chairman anatia sahihi. Ikishatiwa sahihi, kanuni zilikataza kuugusa uamuzi huo mpaka ipite miezi sita.

Shikeni hilo la kusoma, tutalirudia.

Sasa akaletwa Kasiano.

Kijana wa Migori, Mkatoliki, alisomea kwa mapadri. Siku ya kwanza tu alikaa mbele ya taipureta yangu, akanyoosha mikono, akaanza kuchapa kwa vidole vyote kumi huku akiangalia dirishani. Dirishani, wakuu! Anatazama mbuzi wa watu nje, na karatasi inajaa.

Clerk mkuu aliita watu waje waone. Tarishi aliacha barua zake akaja kuangalia. Mimi nilijifanya natafuta faili.

Wivu wangu ulianzia hapo na sikuufukuza. Niliuchukia mkono wake mzuri wa kuandika. Niliichukia shati yake iliyopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Niliichukia hata chai yake, kwa sababu mama wa chai alimpa kikombe kisicho na ufa, kile nilichokitumia mimi miaka yote.

Ndani ya mwezi mmoja uandishi wa mkutano ukawa wake. Taipureta ikawa yake. Mimi nilibakiwa na kusoma tu, kwa sababu Kasiano alikuwa na kasauti kadogo kama kifaranga aliyenyeshewa, madiwani wa nyuma hawakumsikia. Na kulikuwa na nafasi moja ya kupanda cheo, karani wa kamati, meza chumba cha ndani. Kila mtu ofisini alijua inaelekea kwa nani.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama yangu alikuja ofisini siku moja kuniletea chakula, jioni akaniambia, "Yule mtoto wa Migori ana adabu sana. Alisimama kunipokea." Nilisukuma sahani, nikasema nimeshiba.

Niwaeleze kuhusu mama, maana uzi huu ni wake kuliko wangu. Mama alikuwa mjane, akiuza omena, vile visamaki vidogo vya ziwani. Alikaa juani pembeni ya barabara, amezianika kwenye gunia. Mvua za miaka ile mnazisikia tu, ziwa lilipanda likala mashamba ya watu. Omena zikinyeshewa mara moja zinaoza, unabaki na kitu ambacho hata bata anafikiria mara mbili.

Council ikajenga soko jipya. Paa la mabati, meza za saruji. Na desturi yetu ilikuwa moja, hakuna kuandikisha. Siku ya ufunguzi, utakapoweka bidhaa yako ndipo pako, wewe na watoto wako. Kwa miaka miwili mama aliniuliza kila Jumapili mabati yamefika wapi.

Mkutano wa kuchagua siku ya soko ulikuwa na kelele. Diwani mmoja akasema Jumamosi. Wasabato wakaja juu, kwa sababu Jumamosi ni Sabato na Msabato hauzi wala hanunui. Sisi ni Wasabato, mama ndiye kabisa, Ijumaa jua likitua hata jivu hazoi. Walivutana mpaka saa ya kula ikapita. Mwishowe wakakubaliana Alhamisi, na ufunguzi uwe Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Jioni ile nilimwambia mama, akapiga kigelegele.

Kasiano ndiye aliyeandika. Wageni huchanganyikiwa na kelele zetu. Mkutano uliofuata nilipewa karatasi nisome, nikafika pale kwenye soko nikaona ameandika Jumamosi.

Moyo ulinidunda kwa furaha. Nasema ukweli, ilikuwa furaha.

Kasiano mwenyewe hakuwemo, alikuwa chumba cha pili akizungusha mashine ya kurudufu. Ningesema tu, "Chairman, hapa pana kosa," kalamu ingepita, mambo yangeisha. Lakini kosa lililosahihishwa mkutanoni halimfukuzishi mtu kazi. Nikawaza, likishatiwa sahihi, likabandikwa kwenye notisi mji mzima ulione, madiwani watakuja juu, watauliza nani aliandika, na Kasiano atarudi Migori na shati yake.

Kwa hivyo macho yangu yakasoma Jumamosi, na mdomo wangu ukasema Alhamisi.

Madiwani wakatikisa vichwa. Mmoja akapendekeza, mmoja akaunga mkono. Chairman akatia sahihi.

Notisi ikabandikwa mlangoni pa ofisi wiki ile ile ya ufunguzi, ikisema Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nikakaa nikingoja moto.

Wakuu, moto haukuwaka. Nilikuwa nimesahau jinsi watu wetu walivyo. Kila diwani alipoambiwa kuhusu ile notisi alidhani ni yeye peke yake aliyesinzia mkutanoni, na hakuna aliyetaka kusema alisinzia. Chairman aliona sahihi yake pale, akanyamaza kabisa. Wasabato wa mjini wakasema serikali ikishaandika imeandika, wakaenda kulia kwa mchungaji badala ya kuja ofisini.

Mimi pia nilikaa kimya. Mama hakujua kusoma, na boma letu lilikuwa mbali na ofisi, habari haikumfikia. Alhamisi ikafika, akaamka na gunia lake kichwani. Sikumwambia chochote, nilijifanya nimelala. Alikuta geti la soko limefungwa, mlinzi akamwambia arudi Jumamosi.

Jioni aliniuliza taratibu, "Si ulisema Alhamisi?"

"Kasiano alikosea kuandika."

"Basi kesho kaseme. Bado kuna siku moja."

"Nitasema."

Na nilikuwa nimekusudia kusema. Ijumaa asubuhi niliingia ofisini na maneno yakiwa mdomoni. Nikamkuta clerk mkuu anamwonyesha Kasiano meza ya chumba cha ndani, droo ipi ina funguo, dirisha lipi linakwama. Kasiano akaniona, akatabasamu, akasema, "Karibu omera, njoo uone." Omera ni ndugu yangu.

Yale maneno nikayameza.

Jumamosi tulikuwa kanisani. Akina mama upande wao, wanaume upande wetu. Kanisa letu lilikuwa juu ya kilima, na upepo ulileta kelele za soko zima, watu wakicheka, mtu anapiga debe. Nilimtazama mama. Alikuwa amefumba macho na anaimba kwa nguvu kuliko siku zote.

Jumatatu alikuja ofisini. Hakuja kwangu. Alipita meza yangu akaenda mpaka kwa Kasiano, aliyekuwa bado kwenye taipureta, akamsalimia vizuri, akamwuliza, "Mwanangu, ni wewe uliandika Jumamosi?"

Kasiano alishtuka. Alichomoa daftari lake la mkutano, akafungua, akasoma kwa kidole. Akainuka, akampa mama kiti chake.

"Mama, ni mimi," akasema. "Hapa chini wamesema Alhamisi, mimi nikachapa ile ya juu. Nimekosea. Nitamwandikia chairman leo hii."

Halafu akakunja uso. Sio kwa hila, wakuu, naapa, kijana yule hakuwa na hila, na hata hilo nilimwonea wivu. Alikuwa tu anashangaa. "Lakini ilisomwa mbele ya wote. Mbona hakuna aliyesikia?"

Akageuka kunitazama. Mama naye akageuka.

"Wewe ulisoma nini?" mama akauliza.

Ningeweza kudanganya. Lakini yule ni mama. "Nilisoma Alhamisi."

"Na karatasi ilisema?"

"Jumamosi."

Mama aliinuka kwenye kiti. Alifunga upya kitambaa chake cha kichwa, akamshukuru Kasiano kwa kiti, akaondoka.

Kasiano hakunishtaki popote. Aliandika barua ya kukiri kosa lake peke yake. Chairman akasema iwekwe kwenye faili. Cheo akapata. Miezi sita ilipokwisha, siku ya soko ikabadilishwa ikawa Alhamisi, lakini meza zote chini ya paa zilikuwa na wenyewe. Mama alikaa nje ya ua wa soko na gunia lake, na wingu likitanda alikuwa wa kwanza kukunja.

Mtasema hiyo ndiyo adhabu. Bado.

Ndugu yangu mkubwa alikuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya chai Kericho, na kila mwezi aliandika barua. Tangu nijue herufi mimi ndiye niliyemsomea mama. Alitaka mara tatu, ya kwanza asikie, ya pili acheke, ya tatu alie kidogo. Mama aliuza mbuzi wake wote ili mtoto mmoja ndani ya nyumba ajue kusoma.

Barua iliyofuata ilipofika, niliona mama anaifunga kwenye pindo la nguo yake, anatoka. Nikamfuata kwa mbali. Alienda kwa Kasiano.

Na ikawa hivyo kila mwezi. Barua za ndugu yangu wa damu zikasomwa na mtu wa Migori, kwa kasauti kale kadogo. Nilisimama siku moja nyuma ya ukuta nikasikia mama anacheka ile ya mara ya pili. Hata cheo hakikuniuma hivyo. Nyumbani alinipikia, aliniuliza kama nimelala vizuri, hakunitukana hata siku moja. Ila karatasi hakunipa tena.

Mwaka uliofuata nilihamishwa, tena Migori, kibanda cha leseni za baiskeli. Cheka tu, hata mimi nilicheka. Kule watu waliniuliza habari za Kasiano wao.

Nilikaa miezi mingi. Halafu nikachukua kalamu nimwandikie mama kumwomba msamaha. Nilichana karatasi nne. Tatizo mmeliona? Lolote nitakaloandika litatoka kwa mdomo wa Kasiano. Ile aibu yote, ile furaha niliyoipata nilipoona kosa lake, kikombe kisicho na ufa, shati, vidole kumi, ataisoma yeye, akiwa amekaa mbele ya mama yangu.

Nikaandika. Sikuacha kitu.

Jibu lilirudi baada ya wiki mbili, kwa ule mwandiko wake mzuri. Mistari miwili tu. "Mama anasema amesikia. Anasema uje Jumapili umsomee hii barua yako mwenyewe, asikie kama ndivyo ilivyoandikwa."

Nilienda. Mama alikuwa amekaa mlangoni, Kasiano kwenye kigoda kando yake. Mama akanipa barua yangu. Nikasoma kuanzia salamu. Nilipofika pale pa furaha nilikimbiza maneno, nikaanza upya mstari huo. Kasiano alikuwa akifuata kwa macho juu ya bega langu.

Nilipomaliza mama hakuniangalia mimi. Alimwangalia yeye.

"Ndivyo?"

"Ndivyo, Mama. Hakuruka neno."

Mama akafungua pindo la nguo, akatoa barua ya Kericho ambayo haijafunguliwa, akanyoosha mkono kwangu.

"Soma," akasema. "Pole pole."

Basi wakuu, mimi nimejifunza kwamba wivu hauchagui pa kuangukia. Niliutupa uende kwa Kasiano, ukapita, ukamkuta mama na omena zake. Mpaka leo mjukuu akiniomba nimsomee kitu nafuata kwa kidole, neno kwa neno.

Wewe uliyewahi kuona kosa la mwenzako kazini ukafurahi, iweke hapa chini tuisome. Na wa kunitukana pia karibuni, nimekaa.