Mwili wa Kel Mkononi Mwangu

Mdogo wangu Kel alikuwa mkata manyoya ya kondoo huku mjini Longreach, mpaka siku alipopiga mbizi mtoni penye maji haba akavunjika shingo. Chini ya kifua hahisi kitu. Ubishi wake tu ndio haukuvunjika. Sasa anacheza raga ya viti vya magurudumu, vyuma kwa vyuma, nami ndiye ninayemnyunyizia maji, maana tangu aumie mwili wake hautoi jasho.

Mwaka huu mafundi walimwekea vihisi. Kitu kikimbana huko asikohisi, au presha ikipanda, kibati hutetema shingoni mwake, na bangili waliyonivisha mimi mkononi hutetema pamoja nacho.

Siku ya mchujo wa timu ya jimbo, mjini Toowoomba, bangili ilianza na haikuacha. Nikamwangalia Kel: uso mwekundu, vinyweleo vya mikono vimesimama, anasukuma kiti kwa nguvu ambazo sijawahi kumwona nazo. Ujanja huu naujua, nao umepigwa marufuku. Mtu anaukunja mpira wake wa kutolea mkojo makusudi, kibofu kinajaa, mwili unashtuka, presha inapanda, anapata nguvu za watu wawili. Wengine hupasuka mishipa ya kichwa wakafa.

Alipokuja kunywa maji nikamwinamia.

"Kel, ukunjue mpira."

"Nikunjue nini? Kidude kibovu hicho, joto limekitia wazimu."

"Kichwa kinauma?"

"Bron, dakika sita tu. Ukifungua mdomo nafungiwa miaka miwili. Nyamaza, dada yangu, nakuomba."

Nikanyamaza. Dakika nzima nilinyamaza, na aibu yake ninayo hadi leo. Bangili iliendelea kutetema mkononi mwangu. Kisha mpira wa raga ukamjia taratibu mapajani, akaukosa, akawa anapepesa macho kama haoni.

Niliingia uwanjani bila ruhusa. Mbele ya watu wote nikamfunua jezi, nikauchomoa ule mpira wa mkojo kutoka chini ya mkanda wa paja, nikaunyoosha. Mfuko wa mkojo ukajaa. Mwamuzi akauliza, "Ulijikunja wenyewe?"

Kel alinitazama.

"Ameukunja yeye," nikasema.

Huu ni mwezi wa nne hanisemeshi. Kila alfajiri nipo macho kitandani, nikisubiri kusikia kiti chake kikipita mlangoni kwangu bila salamu.