Siku Karembo Alipokataa Kukamwa

Nilipokuwa msichana mdogo kule Dundori, kulikuwa na jambo ambalo watu wazima hawakubishana juu yake: ng'ombe wa mtu aliyeuawa humjua aliyemuua. Mkono uliomwaga damu ukigusa kiwele chake, anazuia maziwa na kurusha teke. Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Shosho, alinieleza hayo huku akimenya viazi, kwa sauti ile ile aliyotumia kusema kwamba jioni mvua itanyesha. Sikumuuliza alijuaje. Katika nyumba ya Shosho hakuna mtoto aliyeuliza swali la namna hiyo.

Lakini siwezi kusimulia habari ya ng'ombe kabla sijasimulia habari ya Njoki.

Njoki alikuwa binti wa ami yangu Kamau, ndugu mdogo wa baba. Tulizaliwa mwaka mmoja, tukasoma darasa moja, na ua wa mbao ndio uliotenganisha boma letu na lao. Alikuwa na sauti nzuri, na kila mara kwaya ya shule ilipokwenda mashindanoni, yeye ndiye aliyesimama mbele. Shosho alimfumia sweta nyekundu. Mimi nilivaa ya kijivu iliyokuwa ya kaka yangu, viwiko vimetoboka. Tena Njoki ndiye aliyelala kitandani kwa Shosho, upande wa ukuta, wakati mimi nikivutana blanketi na dada zangu. Baridi ya Dundori inauma hadi kwenye meno. Nililala nikifikiria ule upande wa ukuta jinsi ulivyokuwa na joto, na nikamchukia binamu yangu kwa utulivu kabisa, bila kumkosea neno hata moja.

Asubuhi moja ami Kamau alipatikana amekufa kando ya shamba lake la viazi, kichwa kimepasuliwa kwa kitu kizito. Jana yake majirani walikuwa wamemsikia akigombana na mkewe, mama Njoki. Hilo likatosha. Polisi walimchukua mama Njoki hata kabla ya mazishi, akafikishwa kortini Nakuru, akashtakiwa kwa mauaji. Baadaye aliachiliwa kwa dhamana arudi nyumbani kungoja kesi isikizwe. Tarehe ya kesi ikawa inasogezwa mbele, na inasogezwa tena. Huku nyuma, Dundori nzima ikageuka kuwa mahakama.

Watu waliendesha ile kesi kwenye kinu cha kusaga mahindi, nje ya kanisa, kwenye foleni ya maji. Ati alipopewa habari hakulia. Ati alilia kupita kiasi, kama mtu anayeigiza. Ati hakumzika mume wake, kana kwamba ni yeye aliyejifungia seli. Kila mtu alikuwa na shemeji anayejua askari fulani aliyeona kitu fulani.

Mimi sikuwa na maoni. Nilikuwa na wivu. Naandika haya nikiwa mtu mzima mwenye watoto, na bado mkono unasita: nilimwonea wivu msichana aliyefiwa na baba. Mwalimu mkuu alimshika bega mbele ya shule nzima. Wasichana ambao hawakuwahi kunisogezea nafasi kwenye benchi waligombania kumbebea vitabu. Shosho alimpikia uji peke yake. Ami Kamau alikuwa ami yangu pia. Ndiye aliyenifundisha kupanda miti na kushuka. Hakuna aliyeniuliza nimelalaje.

Siku moja asubuhi nilikuwa nimetumwa kupeleka maziwa barabarani, mahali lori la kukusanya maziwa lilipokuwa likipitia. Nikipita karibu na ua, nilimwona mama Njoki akimkama Karembo, ng'ombe wa ami. Karembo alirusha teke. Mama Njoki akarudi nyuma, akainama tena, akasema, "Pole, mama, pole. Najua inauma." Nikaona kwa nini. Chuchu moja ya Karembo ilikuwa imechanwa na seng'enge, kidonda kibichi, naye alikuwa akiipaka mafuta kwa kidole kimoja, polepole. Aliinua macho, akaniona, akatabasamu kidogo. Nikaendelea na safari yangu.

Barabarani wanawake walikuwa wameketi juu ya mitungi yao wakingoja lori. Mmoja wao, jirani yetu mama Wahu, akaniita.

"Wairimu, Njoki anaendeleaje?"

Njoki. Hata hapo, Njoki.

Nikasema, "Karembo amempiga mama Njoki teke. Amekataa kukamwa."

Mazungumzo yalikatika. Nyuso zote zilinigeukia, na mama Wahu akajisogeza, akanipa nafasi juu ya mtungi wake.

"Hebu rudia."

Nikarudia. Safari hii nilionyesha kwa mguu jinsi teke lilivyokuwa.

"Na si mgonjwa? Hana kidonda?"

"Hana," nikasema. "Ni mzima."

Ilikuwa mara ya kwanza maishani watu wazima kuninyamazia wanisikilize. Nakumbuka jua lilikuwa linatoka. Nakumbuka nilifurahi.

Kufikia Jumapili hadithi haikuwa yangu tena. Karembo alikuwa ametoa maziwa yenye damu, na hilo huenda lilikuwa kweli, kwa sababu ya kidonda kile. Karembo alikuwa amelia machozi. Karembo alikuwa amepiga magoti mahali ami alipoangukia. Wiki ile, baba na wazee wengine wa ukoo wakaenda kwa Shosho wakamwambia kwamba maneno yamezidi, afadhali wajionee wenyewe.

Shosho aliweka kisu cha viazi chini. Aliyeuawa alikuwa mwanawe. Kisha akasema, "Kama hana neno, akame."

Ilikuwa saa kumi alasiri, kweupe kabisa. Watu walijaa ndani ya boma hadi wengine wakasimama juu ya ua wa mbao. Mama Njoki alitoka na ndoo, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, kama mtu anayekwenda ibada. Alipochukua kamba amfunge Karembo miguu ya nyuma, baba akamzuia.

"Usimfunge. Mwache hivyo."

"Huyu ng'ombe ana kidonda," mama Njoki akasema. "Angalieni wenyewe."

Mzee mmoja akachungulia. Kilikuwa kimeanza kukauka, kimebaki mstari tu. "Hiki?" akasema. "Hiki kimetokea lini? Nani anajua kama si wewe mwenyewe umemchana?"

Hapo ndipo mama Njoki alipozungusha macho katikati ya umati, akanipata.

"Wairimu. Si ulikuwa hapo kwa ua ile asubuhi? Si uliniona nikimpaka mafuta? Waambie."

Sijawahi kutazamwa na watu wengi namna ile, si kabla wala baada. Nilimwangalia baba. Nilimwangalia mama Wahu, ambaye nilikuwa nimemwambia ng'ombe ni mzima. Kisha nikamwona Njoki. Alikuwa amesimama mlangoni, mgongo wake umeegemea kifua cha Shosho, na mikono yote miwili ya Shosho ilikuwa imemzunguka.

"Sikuona kitu," nikasema.

Mama Njoki hakubishana. Aliketi kwenye kigoda, akaanza kukama. Karembo alivumilia mara moja, mara mbili. Mara ya tatu teke likaja, ndoo ikaruka, na maziwa kidogo yaliyokuwamo yakaenea matopeni. Hakuna aliyepiga kelele. Watu waliondoka mmoja mmoja, wakipita mbali naye, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kelele. Yeye alibaki ameketi pale pale, akimwambia ng'ombe, "Pole, mama. Pole."

Tangu siku hiyo lori halikuchukua maziwa yake, maana wengine walikataa yachanganywe na yao. Kabichi zake zilioza shambani. Haukupita mwezi, alimchukua Njoki wakaenda kwa dada yake Naivasha, mtaa wa Kihoto, karibu na ziwa. Njoki aliondoka amevaa ile sweta nyekundu. Hakuniaga, na mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya ghala la viazi nikingoja aondoke.

Usiku ule ule Shosho aliniita nikalale kwake. Upande wa ukuta ulikuwa na joto kama nilivyokuwa nimeota. Nilikuwa karibu kusinzia aliponivutia blanketi begani, akasema, "Lala, Njoki." Sikumsahihisha. Aliniita hivyo mara nyingi baadaye, mpaka alipofariki, na kila mara niliitika.

Kesi ilichukua miaka. Mwishowe korti ilimwachilia mama Njoki; hapakuwa na ushahidi wa kumfunga. Habari zilipofika Dundori, nilikuwa kidato cha pili. Mama Wahu alitema mate kando akasema, "Korti haijui. Ng'ombe alijua." Nilikuwa nimesimama karibu naye, mrefu kumpita, na bado sikufungua mdomo.

Sasa nina duka la kushona sare za shule mjini Nakuru. Miezi michache iliyopita kesi nyingine ilijaa midomoni mwa watu: familia ya watu wenye heshima, mzee kauawa nyumbani kwake, mmoja wa watu wake ameshtakiwa, na kesi bado haijaanza kusikizwa. Wateja wanakuja kuwapimisha watoto wao sketi wakiwa na hukumu tayari. Wanaonyeshana picha za mshtakiwa kwenye simu, wanazikuza.

"Angalia macho. Hayo ni macho ya mtu amefiwa kweli?"

"Mimi nilijua siku ya matanga. Hakugusa chakula."

"Si hata binti yake amehama? Anajua kitu huyo."

Kijana mmoja aliyekuja kuchukua sare ya mdogo wake akanigeukia. "Mathe, na wewe unaonaje? Ni yeye ama si yeye?"

Nilimkabidhi sare, nikaanza kukusanya chaki na mikasi. Sijui kwa nini ni siku hiyo na si nyingine. Labda ni kwa sababu walitaja binti. Nilifunga duka mapema. Jumapili iliyofuata nilikuwa Kihoto.

Nyumba nyingi upande wa ziwani zilikuwa zimeachwa baada ya ziwa kufurika, maji yamechora mistari ukutani. Dada mtu alikuwa amekwisha kufa. Mama Njoki na Njoki walikuwa wamehamia nyumba ya juu kidogo. Mama Njoki alikuwa amezeeka, lakini kitambaa kilikuwa bado kimefungwa vizuri. Alinitambua kabla sijajitaja.

Niliyasema yote nikiwa nimeketi ukingoni mwa kiti, Njoki akiwa hapo hapo. Kidonda, mama Wahu, "ni mzima", "sikuona kitu". Mama Njoki alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilijua uliona," akasema. "Nilikutazama ukiona."

"Nilikuwa mtoto, mama."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na miwili."

Akafikiri. "Basi hukuwa mtoto sana."

Akaenda jikoni, akarudi na chai, akanimiminia. Hakusema amenisamehe na sikuthubutu kumwomba aseme. Tuliongea habari za mvua na za watoto wangu. Nilipoinuka kuondoka alinishika mkono kwa mikono miwili, kama anavyoshikwa mgeni yeyote.

Njoki alinisindikiza. Ni mwuguzi sasa, mnene kidogo, na sauti yake bado ni nzuri hata anapoongea tu. Tulipita zile nyumba zilizoachwa. Halafu akasema, bila kuniangalia:

"Wewe unadhani ni wewe peke yako ulijua."

Nikasimama.

"Mimi ndiye nilimtoa Karembo kwa seng'enge, Wairimu. Nilimshika kichwa mama akimwosha damu. Ile siku nilikuwa mlangoni. Ningesema neno moja tu."

"Mbona hukusema?"

"Sikuwa najua kama ni mama alimuua baba. Walikuwa wamegombana vibaya, nilisikia. Na Shosho alisema ng'ombe hujua. Nikataka kuona." Akafuta uso kwa kiganja. "Alipopigwa teke, mimi mwenyewe nikiwa najua kuna kidonda, bado nikaamini. Wiki nzima niliogopa kula chakula chake."

"Na sasa?"

"Sasa namtunza. Simuulizi."

Tuliagana kando ya barabara. Nilimkumbatia, na aibu yangu ni hii: nikiwa bado nimemshika, wivu ulinipanda tena, ule ule wa zamani. Kwa miaka yote nilikuwa nimebeba dhambi ile kama kitu changu cha pekee, kitu kimoja ambacho Njoki hakuwa nacho. Kumbe alikuwa nacho, kikubwa kuliko changu, tena alikibeba akiwa chini ya paa moja na yule tuliyemkosea.

Nimelifikiria hilo sana. Simlaumu Shosho kwa imani yake. Alikuwa mama aliyepoteza mtoto, na alihitaji mtu, hata mnyama, amwambie ukweli. Wale waliojaa bomani nao hawakuwa wabaya kuliko watu wengine. Nadhani kila mmoja alikuja na njaa yake. Yangu ilikuwa kutazamwa, na nilitazamwa. Nani alimuua ami Kamau, sijui mpaka leo, na nadhani nitakufa bila kujua.

Wateja bado wanaizungumza ile kesi ya mjini. Wanaponiuliza, nawaambia sikuwepo, kisha nawaomba wamsogeze mtoto nimpime mabega. Wengine huona ninajidai. Juzi mama mmoja alichukua kitambaa chake akaondoka amenuna, na mimi nikamwacha aende.