Yaya Asiyelijua Jina la Mtoto

Bibi yangu Kornelia hakuosha kitu chochote maisha yake yote. Vyombo alivisafisha, nguo alizifua, watoto aliwapitisha maji, lakini kuosha hakuosha. Wala kwake chakula hakikutosha hata siku moja, kilifika tu. Ukitaka kumwongezea uji naye ameshiba, alifunika kikombe kwa kiganja na kusema, "Umefika, mwanangu." Wageni walidhani Kiswahili chake kilikuwa kibovu. Alikijua kuliko wengi wetu hapa Gitting, chini ya Mlima Hanang, ila kulikuwa na sehemu ndogo ya lugha ambayo haikuwa yake kuitamka.

Baba mkwe wake aliitwa Gidahosh. Mimi nalitaja jina hilo nitakavyo, kwa kuwa ni baba wa babu yangu na damu yake ninayo. Bibi alikuja kwa kuolewa. Kwetu mwanamke aliyeolewa hamtaji baba mkwe, na si jina peke yake: kila neno lenye mlio wa jina hilo analizunguka, kama mtu anavyozunguka shamba la mwenzake badala ya kulikata katikati. Osha, tosha, nyosha, yote yalikuwa na mzee ndani yake. Padri alimbatiza Bibi na kumpa jina jipya, lakini hakumwondolea mkwe.

Waliosoma wakisikia habari hii hucheka. Wacheke. Nimewaona wao wenyewe mbele ya wakwe zao, wanavyobabaika wasijue hata mikono waiweke wapi.

Kazi ya uyaya aliipata baada ya mwaka mbaya wa ukame, ng'ombe wa boma walipokufa hadi wakabaki wa kuhesabika. Mzungu wa serikali aliyeleta sindano za mifugo alikuwa amehamia jirani. Watu wote walimwita Bwana Mifugo, na jina lake jingine hakuna aliyelihitaji. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, akatafuta mwanamke anayejua Kiswahili. Bibi alikuwa amekijifunza misheni. Gidahosh mwenyewe aliruhusu aende. Baba yangu, aliyekuwa ameachishwa ziwa karibuni, akabaki bomani kwa bibi yake.

Siku ya kwanza Memsabu alimwonyesha Bibi mtoto na kumtajia jina. Bibi aliomba lirudiwe, huku akimwomba Mungu awe amesikia vibaya. Hakuwa amesikia vibaya. Mtoto aliitwa Joshua.

Angefanya nini? Kazi aliitaka. Basi akamwita Mdogo, na alipoanza kutembea akishika kijiti kama mchungaji aliyezeeka, akamwita Kifimbo. Mtoto alilipenda jina hilo. Dada yake Magi, aliyemzidi miaka miwili, naye akalichukua. Memsabu aliona ni utani wa yaya, na hakuuliza zaidi.

Kifimbo alipofikisha miaka minne, Bwana Mifugo alipata likizo ya kwenda kwao Uingereza. Walipaswa kukaa Nairobi siku tano wakisubiri treni ya Mombasa, na Bibi aliambiwa awasindikize mpaka hapo, kisha arudi kwa basi. Ndivyo Kornelia wa Gitting, mwenye bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko, alivyolala katika hoteli ya ghorofa nne.

Usidhani alibabaika. Alipoulizwa jengo lile lilikuwa refu kiasi gani, alisema, "Mlima Hanang ni mrefu zaidi, na hauna mlinzi wa kukuuliza unakwenda wapi." Kilichomsumbua ni lifti. Chumba kinachopanda na watu ndani hakukiamini hata kidogo. Siku zote tano alipanda ngazi kwa miguu, Kifimbo mgongoni, bangili zikigonga chuma cha kushikia ngazi. Kifimbo yeye aliipenda lifti kuliko kitu chochote Nairobi, na akanyimwa.

Bibi alilala kwenye godoro jembamba kati ya vitanda vya watoto wawili, ghorofa ya tatu. Namba ya chumba hakuijua. Alikijua kwa mlango wenye mkwaruzo chini, kama alama ya ng'ombe. Asubuhi maji ya moto yalitoka ukutani bila mtu kukata kuni. Watoto waliruka juu ya vitanda naye akawatuliza, maana chumba cha pili mzee wa Kizungu aligonga ukuta kwa fimbo kila waliposikika. Saa kumi na moja jioni watoto wote wa hotelini walilishwa pamoja katika chumba kimoja cha chini, mayai ya kuchemsha na mkate na kitu chekundu kinachotikisika. Mayaya walisimama ukutani. Siku ya kwanza Bibi alimwamkia mpishi mwenye mvi, "Shikamoo," naye akajibu, "Mzuri!" Mayaya wakacheka. Bibi hakucheka. Alimhurumia mzee mzima asiyejua kupokea heshima yake.

Siku zikaenda vizuri hivyo, na Bibi alisema alianza hata kulizoea godoro lile. Siku ya nne mchana Bwana na Memsabu walimpeleka Magi kwa daktari wa meno. Bibi akabaki na Kifimbo peke yake.

Mayaya hawakuruhusiwa kutumia choo cha ndani. Chao kilikuwa uani, nyuma ya stoo ya mkaa. Bibi alimketisha Kifimbo katika chumba cha kulia, akamwomba yaya mwenzake amtupie jicho, akaenda. Aliporudi kiti kilikuwa kitupu. Yule yaya alikuwa akimbembeleza mtoto wake aliyekuwa akilia, na hakuona lolote.

Bibi aliita, "Kifimbo!" chini ya meza, uani, jikoni, nyuma ya mapazia. Alifika mpaka mlango mkubwa wa mbele. Nje magari yalikuwa yanapita bila kupumzika, na mlinzi hakukumbuka kuona mtoto akitoka, wala hakuweza kuapa kwamba hakutoka. Ndipo Bibi akamkimbilia karani wa mapokezi.

"Mtoto wangu amepotea. Wa Kizungu. Ana miaka minne."

Karani alichukua kalamu. "Jina ya toto?"

"Kifimbo."

"Kifimbo si jina ya Mzungu. Baba yake nani?"

"Bwana Mifugo."

"Bwana Mifugo hapana iko kwa kitabu. Chumba namba gapi?"

"Kile chenye mkwaruzo mlangoni."

Karani aliweka kalamu chini. Simlaumu. Mbele yake alisimama mwanamke mwenye chale kuzunguka macho, anayehema, anayesema ana mtoto wa Kizungu, na hajui jina la mtoto, wala la baba, wala namba ya chumba.

"Sikia, mama. Nipe jina ya toto, mimi natuma watu ghorofa yote. Bila jina hapana tuma."

Bibi alijaribu kuzunguka, kama alivyozoea kuzunguka siku zote. "Ni yule wa Biblia. Aliyewavusha watu mto Yordani."

"Musa?"

"Aliyemfuata Musa."

"Haruni?"

"Hapana! Aliyezunguka mji na tarumbeta, ukuta ukaanguka!"

"Mimi nauliza toto, wewe naleta mambo ya kanisa," karani alisema, na mkono wake ukaenda kwenye simu. "Yaya hajui jina ya toto, huyo si yaya. Huyo mwizi ya toto. Mimi naita polisi."

Bibi alinieleza dakika hiyo mara nyingi, na kila mara sauti yake ilishuka. Polisi hakuwaogopa sana. Aliogopa vitu viwili. Kimoja kilikuwa barabara ile ya nje. Cha pili kilikuwa boma la Gidahosh. Kwa heshima iliyovunjwa, mke anaweza kurudishwa kwao, na akirudishwa, watoto ni wa boma, hawaondoki naye. Baba yangu alikuwa na miaka sita tu wakati huo. Kumwita mtoto wa mwenzake kungeweza kumpotezea wa kwake.

Huko nje gari likafunga breki kwa mlio mkali, na watu wakapiga kelele. Alikuwa mbwa tu, lakini hilo alilijua baadaye.

"Joshua," Bibi alisema.

Karani akauliza, "Nini?"

"Joshua! Anaitwa Joshua!"

Aliniambia aliona aibu kiasi cha kuuvuta mtandio akaufunika uso, kana kwamba ameanguka uchi mbele ya mkwe wake. Lakini neno likishatoka mdomoni halirudi. Karani aligonga kengele, vijana wa hoteli wakakimbilia ghorofani, na Bibi akapanda nyuma yao. Alipofika ghorofa ya kwanza aliita kwa nguvu zake zote. Aliita ya pili, akaita ya tatu na ya nne. Wageni walifungua milango. Yule mzee wa fimbo alitoka na kumtukana. Bibi hakujali, aliita tu, "Joshua! Joshua!" Katika akili yake jina alilolilipia gharama kubwa namna ile lisingeweza kushindwa kumleta mtoto.

Likashindwa. Hakuna aliyeitika.

Vijana walishuka kutafuta uani. Bibi alibaki peke yake juu kabisa, kwenye kona ya ngazi ya ghorofa ya nne, akakaa chini. Alikuwa amevunja heshima na mtoto hakumpata. Akalia. Akajisemea, si kwa kuita, kwa kulalamika tu, "Kifimbo, mwanangu, uko wapi?"

"Niko hapa," ukuta ukajibu.

Haukuwa ukuta. Lilikuwa kabati la mashuka, na Kifimbo alikuwa ndani, amejilaza juu ya mataulo, nywele zimelowa jasho. Alikuwa amejipenyeza katika lifti kati ya magauni ya wanawake fulani, akafika juu, akaogopa kurudi, akajificha mahali penye joto. Bibi alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba bangili zinamuumiza.

"Hukunisikia nikiita?"

"Nilisikia," Kifimbo alisema. "Lakini wewe huniiti hivyo. Nikadhani umepata Joshua mwingine."

Bwana na Memsabu waliporudi walimkuta mtoto amepitishwa maji na kuvalishwa. Karani aliwasimulia. Memsabu alimshika Bibi mikono yote miwili akamshukuru, na wala hakuelewa ni kwa nini yaya aliyempata mtoto alikuwa na macho ya mfiwa. Kesho yake jioni walipanda treni. Kifimbo alimpungia mkono dirishani mpaka behewa likakata kona, na Bibi hakumwona tena.

Sasa fikiria. Nairobi iko mbali. Hakuna mtu wa Hanang aliyekuwa katika hoteli ile, na karani hakujua amesikia nini. Mimi ningenyamaza. Nasema kweli, ningerudi nyumbani, nigawe sukari na zawadi za watoto, na siri hiyo ingekufa nami. Nilimwambia Bibi hivyo, naye akanitazama kama mtu aliyeona mwanawe amezaliwa na dosari. "Wewe," alisema, "ungekula chakula cha boma ukiwa umelificha hilo?"

Alishuka basi Katesh, akanunua asali debe zima kwa ajili ya pombe ya wazee, akaibeba kichwani mpaka bomani. Baba yangu alimkimbilia, naye akamnyanyua, akamweka chini haraka, maana hakutaka kumzoea tena kabla ya kujua kama ataachiwa abaki naye. Kisha akamwambia mama mkwe kila kitu.

Mkwe haongei na mkaza mwana uso kwa uso kwa jambo kama hilo. Gidahosh aliketi karibu na lango la zizi. Bibi aliketi nyuma ya nyumba, amegeuza mgongo, mtoto ameshikilia nguo yake. Mama mkwe alizunguka ukuta na maneno, akaenda nayo na kurudi nayo.

"Anauliza, uliita kwa kunong'ona au kwa sauti?"

"Kwa sauti."

"Anauliza, mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Ni nyumba iliyobebeshwa nyumba nne juu yake. Niliita zote nne."

Mama mkwe alikwenda. Akakawia. Bibi alisikia ng'ombe wakiingia, akasikia mzee akikohoa, na akaanza kuhesabu vitu vyake ambavyo vingeweza kubebwa kwa safari moja. Mama mkwe akarudi.

"Anauliza, ulipoita, nani aliitika?"

"Hakuna."

"Hata mtoto?"

"Hata mtoto."

Mara hii Gidahosh hakumngoja mkewe azunguke. Aliyasikia mwenyewe, maana ukuta ni wa miti na udongo tu. Akainua sauti ili ifike upande wa pili, kwa mkaza mwana ambaye yeye mzee hakuwahi kumsemesha moja kwa moja hata siku moja.

"Basi hakuniita mimi. Angeniita mimi, ningeitika."