Onja, Wageni Wamesimama

Watu husema mume wangu aliuawa na pombe. Pombe haina mikono. Aliyemwua ni mama mwenye gesti, pale Ngaramtoni.

Tulikuwa tumeacha kunywa, wote wawili. Tulitubu kanisani, halafu yule mama akatupa kazi: mimi kufua mashuka, mume wangu kupokea wageni. Mwaka mzima hakugusa. Alinenepa, akaanza hata kuimba akipalilia migomba yetu.

Kisha yule mama akaona Wazungu wanapenda mambo ya kienyeji. Akataka kila anayefika akaribishwe kwa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kata ya kibuyu. Sasa kwetu mgeni hapewi pombe mpaka mwenyeji aionje mbele yake, kwenye kata ileile. Usipoonja, umeweka sumu.

"Shemeji, wewe ndiye mwenyeji," akamwambia mume wangu.

"Mama, huyu ameacha," nikasema. "Onja wewe."

"Mimi na vidonda vyangu vya tumbo? Kuonja siyo kunywa, jamani. Hata mchungaji anaonja divai."

Mume wangu akacheka. "Basi mimi ni mchungaji wa gesti."

Vyumba vilikuwa sita. Vikijaa vyote, hapo siyo kuonja tena. Na Wazungu wengi walilamba tu wakakunja uso, kwa hiyo na walichobakiza akawa anakimaliza yeye.

Nilimpigia kelele nyumbani mpaka akajaribu kuacha upya. Siku ya tatu, mchana, likaja kundi. Alishika kata inatetemeka, jasho linamtoka, akaniangalia mimi niliyekuwa naanika mashuka.

"Mke wangu, nimwambie mama leo siwezi?"

Yule mama alikuwa amenikazia macho kutoka mlangoni. Nikaogopa kufukuzwa.

"Onja bwana, wageni wamesimama."

Akaonja. Hakujaribu tena kuacha. Tumbo likavimba, macho yakawa ya manjano, tukampeleka hospitali tukarudi na jeneza.

Msibani yule mama alilia kunishinda. Nikasimama, nikamwambia mbele ya watu wote, "Wewe ndiye umemwua." Wanawake wakanishika mikono, wakasema nimechanganyikiwa na uchungu. Sikuwa nimechanganyikiwa. Nilimtaja yeye haraka, kabla mtu hajaniuliza siku ile nani alimwambia aonje.