Siku Nilipopunguza Makali ya Viatu vya Barafu

Ulikuwa mwaka wa ugali na kabichi bila yai. Kuku walikuwa wanakufa kwa mafua, na mtaani kwetu Observatory spaza zote, viduka vya majumbani, zilikuwa na trei tupu. Asubuhi watu walikula mkate na achari, jioni ugali na kabichi, tena gizani, maana umeme ulikatwa kila siku. Mimi nauza samaki wakavu, kwa hiyo kwangu hatukulala njaa. Nalisema hili kwa sababu baadaye watu walikuja kusema mtoto aliondoka kwangu kwa njaa. Uongo mtupu. Kwangu alikula, akashiba, akabakiza.

Mtoto ni mjukuu wangu. Mama yake, binti yangu, tulimzika mtoto akiwa hajaota meno, nikamlea mimi katika chumba kimoja. Kiswahili anakisikia chote, ila anajibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Hata mimi ananiita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu. Kiingereza changu mimi ni cha kuuzia samaki tu. Mambo mazito alinitafsiria yeye, hospitalini, kwa mwenye nyumba, kila mahali. Katika mji huu mdomo wangu ulikuwa yeye.

Alicheza hoki ya barafu. Shule yao ilipelekwa siku moja kwenye uwanja wa barafu, akarudi kama mtu aliyerogwa. Wanavaa viatu vyenye vyuma chini, wanashika magongo, wanafukuzana na kidude cheusi cha mpira na kugongana kama mbuzi. Nilicheka sana. Halafu nikamwona yeye anavyokimbia, nikaacha kucheka, nikawaambia watu wote pale kwenye viti: yule ni wangu.

Viatu alipewa na mama mmoja wa Midrand, ambaye binti yake alikuwa timu moja naye na miguu yake imeshavizidi. Mwaka ule wa bila mayai, mama huyo akafika kwangu na trei nzima ya mayai. Sijui aliyatoa wapi. Akayaweka mezani, akakaa kwenye kitanda changu, akasema mtoto ahamie kwake. Kwake ni karibu na uwanja, ana umeme wa jua, na angewapeleka mazoezini alfajiri mjukuu wangu na binti yake. Mjukuu wangu alinitafsiria huku anatazama sakafu. Nikajibu:

"Mtoto simtoi. Aliyemlea bado yuko hai."

Akatafsiri kwa maneno machache kama yangu. Uso wa yule mama ukasawijika, akaaga. Mayai aliyaacha. Tuliyala. Ningefanyaje, niyatupe?

Ikaja mechi ya kuchagua timu ya mkoa. Vyuma vya viatu vilikuwa vimekuwa butu, na mashine ya kunolea pale uwanjani haikufanya kazi bila umeme, kwani jenereta yao ilitosha barafu tu. Yule mama akatuma neno kwamba atavipeleka kwa fundi wake. Nikasema hapana, viatu vya mtoto wangu navishughulikia mwenyewe. Nikavipeleka Fordsburg, kwa mzee anayenoa visu vya mabucha. Aliniambia ameshanoa vya namna ile. Akavirudisha vinang'aa, unaweza kunyolea ndevu. Kwenye taksi, ndizo daladala za huku, nilivipakata, nimevimba kichwa.

Siku yenyewe umeme ulikuwa umekatwa tena. Jenereta inanguruma, barafu imelainika, maji yanasimama juu. Mtoto akaingia kupasha mwili moto. Kila akitaka kusimama kwa kugeuza miguu ubavu, vyuma vinaing'ata barafu, miguu inabaki nyuma, mwili unakwenda. Akaanguka kifudifudi. Akainuka, akaanguka. Wenzake, aliniambia baadaye, wakamuuliza kama amekuja kucheza au kupiga deki.

Kocha akamwita pembeni, akapitisha ukucha juu ya chuma, ukucha ukakwanguka ukatoa unga mweupe. Akasema, mtoto akinitafsiria, makali yamezidi, na kwa barafu laini kama ile ndiyo balaa kabisa. Yapunguzwe kidogo, yasife. Akanipa jiwe dogo, akanionyesha mara moja, akaenda kwa wengine.

Nikakaa kwenye benchi, nikakunja kitenge magotini, nikauweka mguu wake pale na kiatu chake, kama nilivyouweka alipokuwa mdogo nikimkata kucha. Nikasugua ukingo taratibu. Akaingia, akarudi.

"Bado, Gogo. Vinanishika."

Nikasugua tena. Na nilijua ninachofanya, msinione mjinga. Akiendelea kuanguka, anabaki nami. Akisimama, anachaguliwa na anakwenda. Jiwe liko mkononi mwangu na mguu uko magotini mwangu. Ningeyaua makali yote na hakuna ambaye angejua. Lakini mikono hii haijawahi kufanya kazi mbovu, na haikukubali hata siku ile nilipoiomba. Nikasugua vizuri, pande zote mbili sawasawa.

Safari hii hakurudi. Alikimbia mpaka mwisho wa uwanja, akageuza miguu ubavu, barafu ikaruka kama unga wa muhogo, akasimama wima. Nikakaa pale na jiwe.

Alichaguliwa. Yule mama wa Midrand akashuka kutoka kwenye viti, akazungumza muda mrefu, na mjukuu wangu, jasho linamtoka, akanitafsiria: mazoezi ya mkoa ni kila alfajiri, taksi za kwetu zinakuwa hazijaanza, na mama anaomba tena. Nikajibu yale yale.

Maneno yangu yalikuwa machache. Ya mtoto yakawa marefu, yanapanda, yanashuka, na mwisho wake yule mama akanishika mikono yote miwili, machozi yanamlenga, akanishukuru. Neno hilo la Kiingereza nalijua. Nalisikia kila siku kwenye samaki.

Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa ameinama, anafungua kamba za viatu.

"Umemwambia nini?"

Akahamia kamba za kiatu cha pili. Nikamwambia arudie nilivyosema, neno kwa neno. Hakuinua kichwa. Basi nikamgeukia yule mama mwenyewe, mikono yangu ikiwa bado ndani ya mikono yake, nikamwambia kwa lugha yangu asiyoijua, naye akawa anaitikia kwa kichwa huku anatabasamu:

"Mtoto simtoi. Aliyemlea bado yuko hai."