Robo ya Mwisho ya Clem Trevaskis

Treni iliniacha Tarrabool, mji mdogo wa Australia, Jumamosi alasiri. Sikukuta mtu stesheni, wala dukani, wala barabarani. Kisha nikasikia honi za magari, nyingi kwa pamoja, nikazifuata mpaka uwanjani. Magari yalikuwa yameuzunguka. Mama mmoja akanifungulia mlango wa lori lake.

"Ingia, baba, upepo huo utakuua. Una timu?"

"Sina."

"Sasa unayo. Yule nambari tisa ni mume wangu."

Mama huyo, Dulcie Trevaskis, alinimiminia chai huku akinieleza. Huu ulikuwa mpira wa Kiaustralia, wa robo nne, unaodakwa kwa mikono, na anayeudaka hupewa nafasi ya kuupiga golini. Mumewe, Clem, alicheza Melbourne miaka tisa bila kutwaa kombe hata moja. Tarrabool wakamwita awe nahodha na kocha, wakampa nyumba na kazi kwenye ghala la ngano. Sasa ana miaka thelathini na sita, goti bovu, na hii ni fainali. Ameshasema haongezi msimu.

Nimeona watu wakiruka katika nchi nyingi, sijaona vile. Mpira ulikuja juu, kundi likaungoja. Clem akapanda mgongo wa jitu moja kama mtu apandaye ngazi ya nyumbani kwake, akakaa huko juu muda usioelezeka, akaudaka. Aliposhuka, goti likakunjika upande. Akapiga hivyo hivyo, akafunga. Honi zikalia.

Kengele ya kumaliza robo ya tatu ikalia, Tarrabool wakiwa nyuma kwa pointi nne. Hapo mji mzima ukashuka magarini, ukaingia uwanjani kumsikiliza kocha, kama kawaida yao. Mchezaji wa akiba alikuwa mmoja tu, Ern Pohlner, mwoka mikate, na sheria ilikuwa kali: anayetoka harudi.

"Nani hawezi kukimbia robo nzima?" Clem aliuliza. "Semeni kweli."

Watu walitazama goti lake, kisha wakatazama nyasi.

"Waoga nyie. Haya, nasema mwenyewe. Ern, vua koti."

"Kocha, nimeoka tangu saa tisa usiku. Miguu yangu yenyewe…"

"Ni miwili, Ern. Umenishinda kwa mmoja."

Dulcie akamshika mkono. "Clem, umelingoja kombe hili miaka yote."

"Ndiyo maana sitaki kulizuia."

Akamvua Ern kofia, akaivaa yeye. Wazee, wanawake, hata mashabiki wa wapinzani, wakampisha njia. Hakwenda benchi. Alichechemea mpaka kibanda cha kubadilishia nguo, akafunga mlango.

"Humfuati?" nilimuuliza Dulcie.

"Hawezi kutazama. Atasikiliza honi, za kwetu anazijua."

Tukarudi lorini. Ern alikimbia robo nzima kama aliyeacha mikate jikoni. Kengele ya mwisho ilipolia tulikuwa mbele kwa pointi mbili. Dulcie akaikandamiza honi kwa viganja vyote viwili, macho yake kwenye mlango wa kile kibanda, wala hakuiachia.